Kufundisha Kodi ya Mfalme kule Tumba

Ninyi mnaoanza kazi hii mmeniuliza mara nyingi, tukiwa kwenye kahawa, ilikuwaje zamani. Nilikuwa nawajibu "ilikuwa baridi", kisha nanyoosha mkono kuchukua mkate wa mdalasini. Sasa nimestaafu, nina nafasi, na baridi bado ipo. Acha niwajibu vizuri.

Kabla ya vita kunitoa kwetu nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari pale Uvira. Stockholm nilifika na watoto watatu na diplôme ambayo hakuna ofisi iliyojua iiweke kwenye kabati lipi. Nikasafisha ofisi za watu miaka minne. Mwaka 2001 shule moja ya watu wazima huko Tumba ikaniita. Walikuwa na wanafunzi wenye Kiswahili kizuri na Kiswidi nusunusu, wakahitaji mtu wa kukaa kando yao darasani awaeleze anachosema mwalimu. Ndiyo kazi yenu. Mshahara wake mnaujua, tusiharibu siku.

Nilikuwa nakaa Spånga. Kwenda Tumba ni treni mbili, unabadilisha mjini, na asubuhi ya kwanza nilibadilisha kwa kupanda treni iliyokuwa ikinirudisha nyumbani. Nilifika darasani nimechelewa, nina jasho ndani ya koti la theluji. Mwalimu wa historia hakunigombeza. Alinivutia kiti, akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake mwenyewe, akaendelea na somo.

Huyo ndiye Birgitta. Mwanamke mrefu, mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Katika ujana wake alikwenda mashariki ya Uingereza kulea watoto wa watu, akarudi na mapenzi mawili: chai ya maziwa, na habari za wafalme wa ukoo wa Tudor waliotawala kule miaka mia tano iliyopita. Hasa alipenda habari za watu wadogo waliokataa kodi za wafalme hao. Kila mwaka alilifundisha somo hilo kama mtu anayesimulia mambo ya mtaani kwake, yaliyotokea juzi.

Na mimi, siku hiyo ya kwanza, nililiharibu. Waswidi wana neno moja, skatt. Maana yake ni kodi. Maana yake pia ni hazina, na mke akitaka kumbembeleza mume wake humwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimelisikia kwa jirani yangu akimwita mumewe, basi kodi sikuifikiria hata kidogo. Nikawaambia wanafunzi kwamba mfalme alituma watu kila kijiji kuchukua hazina za wakulima.

Mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu akaguna. "Wakulima wenye hazina? Basi sisi tulizaliwa upande mbaya."

Nilipogundua kosa nikasema, samahani, si hazina, ni kodi. Mtanzania akashangaa kwamba mfalme ndiye alikuwa mwenye nyumba za watu wote, maana kwao kodi ni ile unayolipa mwisho wa mwezi kwa kupanga. Mkenya akamwambia, "Ni ushuru, bwana." Mama wa Kikongo akapiga meza: "Sema taxe, mwalimu, tuelewe sote!" Ilipita nusu saa, na Waingereza walikuwa hawajalipa wala hawajakataa.

Tangu siku hiyo nikanunua daftari lenye jalada gumu. Kila neno gumu nililiandika kwa Kiswidi, na mbele yake namna zote ambazo watu wetu hulisema, wa Mombasa, wa Kigoma, wa Goma, wa Bujumbura. Tumieni penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu mtakosea. Na kiti wekeni kando ya mwanafunzi, kamwe msikiweke mbele yake. Ukikaa mbele yake anakutazama wewe, na mwalimu anabaki akifundisha ukuta.

Birgitta ndiye aliyenifunza kazi, ingawa hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "asante" na "pole pole", alilolipenda mno. Wiki ya tatu aliniita pembeni.

"Una haraka," akaniambia. "Unamaliza sentensi yangu kabla yangu."

"Nataka waende sawa na Waswidi."

"Ukifika kabla ya mwanafunzi, umefika peke yako. Subiri mpaka aulize."

Nikajifunza kusubiri. Mtaona kuwa ni kazi ngumu kuliko kutafsiri.

Somo lake lilikuwa hivi. Alikuja na bonge la uzi wa sufu, akampa mwanafunzi wa kwanza ashike ncha ya uzi, wa pili ashike mbele kidogo, mpaka darasa zima likawa limeunganishwa. Huyu anafuga kondoo, huyu anasokota, huyu anafuma, huyu ni tajiri anayeuza vitambaa. Kisha akachukua mkasi. Mfalme anataka kupigana na Ufaransa. Ameshakopa kwa watu wake na hajarudisha. Sasa anadai sehemu moja katika kila sita ya mali ya mtu, tena bila kuwauliza wawakilishi wao, na kwa ujasiri mkubwa anaita dai hilo zawadi ya kirafiki. Birgitta akakata uzi mikononi mwa tajiri. Tajiri akawaambia wafumaji: sina cha kuwalipa, nendeni nyumbani. Na uzi ukaanguka mikononi mwa wote.

Wafumaji wa miji ya mashariki wakakusanyika kwa maelfu. Inasimuliwa kwamba walingoja kengele ya kanisa iwape ishara, lakini mtu mmoja alikuwa ameshatoa ndimi za kengele, vile vyuma vya ndani vinavyogonga, ili damu isimwagike. Bwana mkubwa aliyetumwa na mfalme akafika na askari wake, akauliza kiongozi wao ni nani. Mzee mmoja akamjibu kwamba kiongozi wao ni Umaskini, yeye na ndugu yake Shida. Hapo wanafunzi wangu wote, kila mwaka, walitoa ile sauti ya Kiafrika ya kukubali, ambayo siwezi kuiandika. Mwisho mfalme aliiacha kodi ile na kuwasamehe.

Kisha Birgitta aliwarudisha Uswidi. Miaka michache baadaye, mfalme wa hapa alikuwa na deni la vita, akadai kila kanisa litoe kengele. Watu wa mkoa wa Dalarna wakakataa, wengine wakazirudisha kengele zao kwa nguvu. Huyu hakusamehe. Alikuja na jeshi na vichwa vikakatwa.

"Na sisi tulimfanyaje mfalme huyo?" Birgitta akauliza, akatoa noti kubwa mfukoni. "Tulimweka hapa." Picha yake ilikuwa pale, na ndevu zake.

Miaka saba nilitafsiri somo hilo, na nikaamini nimelijua. Sasa nifike kwa Mama Nabintu. Si jina lake. Ameniruhusu nisimulie mradi nisiseme lake.

Alikuja kwetu majira ya baridi ya mwaka 2008. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye binti mmoja. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee na alitaka kusomea uuguzi. Masomo yote alikuwa amepita, ikabaki historia. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote niliopata kuwafundisha, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule kwenye mstari. Hakuwa mtu wa maneno.

Darasani alikuwemo pia Papa Heri, dereva wa basi, mtu wa miaka hamsini na tano, mcheshi, Kiswidi chake cha abiria kimenyooka. Wote wawili walitoka milima ya juu ya ziwa, upande wa Fizi. Nilifurahi kuona watu wa kwao wamekutana. Sikujiuliza kwa nini Nabintu huketi safu ya mwisho, mbali naye.

Siku ya somo la sufu, Birgitta alipofika kwa watu wa mfalme wanaozunguka na orodha za majina, nikaeleza kwa Kiswahili: "Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakiandika kila mtu ana nini." Papa Heri akageuka kwenye kiti chake.

"Sisi hatuhitaji kusoma hayo ya Wazungu," akasema kwa Kiswahili, bila kicheko. "Kwetu walipita pia. Kila mtu mzima bakuli moja la unga wa muhogo, kila wiki, kwa wenye bunduki wa msituni. Na aliyeshika liste ni mume wa huyu mama. Mulizeni."

Uzi ulikuwa bado mikononi mwetu. Waliojua Kiswahili walitazama chini. Birgitta akanigeukia. "Amesema nini?"

Kwa miaka saba nilikuwa nimetafsiri kila kitu: matusi, vichekesho, hata siku mtu alipomwambia Birgitta kwamba sketi yake ni ya mazishi. Siku hiyo nilimjibu, "Ni jambo la wao wawili. Naomba usiniulize." Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Nabintu aliuweka uzi mezani taratibu, akachukua koti lake, akatoka. Wiki tatu hakurudi.

Kitabu cha kazi yetu hakisemi uende nyumbani kwa mwanafunzi. Nilimwambia Birgitta ninakokwenda, naye akanipa karatasi za somo zilizobaki na pakiti ya chai. Nikapanda treni ya chini ya ardhi, mstari wa kijani, mpaka Rågsved. Ilikuwa Jumapili mchana. Binti alifungua mlango, akageuka ndani akapaza sauti kwa Kiswidi kwamba kuna bibi wa shule. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili amkaribishe bibi wa shule. Waliongea hivyo muda wote, kila mmoja na lugha yake, na hakuna aliyepotea.

Nilianza na habari za chai. Baadaye nikasema, "Mama, sikuja kukuhoji. Nimeleta somo ulilolikosa."

"Nitaachana na historia," akasema. "Nitabaki kuosha wazee. Si kazi mbaya."

"Si mbaya. Lakini nisikilize mara moja, kisha uamue."

Nikamsimulia kipande ambacho hakukisikia. Kwamba bwana mkubwa aliyetumwa na mfalme aliona askari wake hawana moyo wa kuwapiga watu wale, maana walikuwa jirani zao na ndugu zao. Na kwamba bwana huyo huyo ndiye aliyempelekea mfalme habari kwamba kodi hii haiwezekani.

Nilisubiri, kama nilivyofundishwa. Chai yangu ikapoa.

"Kumbe katikati kulikuwa na watu," akasema.

"Katikati daima kuna watu, mama."

Ndipo akaniambia. Mume wake alikuwa chifu wa kijiji chao kidogo. Watu wa msituni walikuja wakamwambia: andika nyumba zote na watu wake. Yeye hakuwa na mwandiko mzuri, basi alisoma majina na mke akaandika. Miezi minane walikusanya unga. Halafu wanawake wakachoka. Wiki moja wakakubaliana kisimani, hakuna bakuli litakalotoka. Wenye bunduki wakamtaka chifu alete liste, na kila nyumba iliyokataa iwe na msalaba mbele yake.

"Asubuhi ile alikaa na liste kwenye mapaja yake," akasema. "Aliishika tangu jogoo mpaka jua likawa juu. Kalamu mkononi. Haandiki, haiweki chini. Mimi nilikuwa napika. Nikamfuata, nikaichukua, nikaitia motoni chini ya sufuria. Sikumwuliza."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alikwenda akawaambia imepotea mtoni. Wakamchukua. Siku ya tisa akarudi, anakohoa damu. Hakufika mavuno." Alizungusha kikombe. "Tukakimbia siku ile ile tuliyomzika. Hata kilio hakikukaliwa. Na mpaka leo, mwalimu, sijui. Je, angeiweka misalaba ile?"

Sikumtengenezea jibu. Nilimwuliza tu kama Papa Heri alikuwepo. Hapana, Heri na watu wake walikuwa wametoroka mapema kwenda Uvira. Alijua nusu ya kwanza ya habari, na hiyo ndiyo aliyoibeba miaka yote.

Nilitamani sana kwenda kwa Heri nimwambie nusu ya pili. Kwenye treni ya kurudi niliitunga hotuba nzima. Ninyi vijana, mtajaribiwa hivyo. Tunatafsiri maneno ya watu wakituomba. Wasipoomba, tunafunga mdomo. Niliufunga, ukaniuma.

Nabintu akarudi darasani Jumatano iliyofuata, akaketi safu ile ile.

Mtihani ulikuwa wa mdomo, watu wanne kwa kundi. Kila mmoja achague mtu wa zamani ile, ajulikane jina au asijulikane, aeleze alikuwa na njia zipi mbele yake, kisha wenzake wamwulize swali. Majina yalipopangwa, Nabintu na Heri walikuwa kundi moja. Nikamwomba Birgitta awatenganishe. Nabintu alinisikia.

"Tuache tulivyo," akasema. "Na wewe, mwalimu, kaa pale dirishani. Nitasema mwenyewe."

Nikakaa dirishani, mikono haina kazi. Heri alianza. Alimchagua yule mzee aliyemjibu bwana mkubwa, akaeleza vizuri, hata akamchekesha Birgitta. Kisha Nabintu. Alisimama, ingawa waliruhusiwa kukaa. Kwa Kiswidi cha polepole, kila neno limepigwa pasi, akasema amemchagua mke wa mtu aliyeandika orodha ya kodi. Hakuna kitabu kinachomtaja, akasema, lakini lazima alikuwepo, kwa sababu mtu huyo alikuwa akila na kulala mahali fulani. Akaeleza njia alizokuwa nazo mke huyo. Anaweza kunyamaza. Anaweza kumsihi mumewe. Anaweza kuichoma orodha, na hapo wenye orodha watamdai mumewe, si yeye.

"Ukiichoma unaokoa nyumba nyingi na unaiweka yako mahali pa hizo," akasema. "Mimi nadhani aliichoma."

Ilikuwa zamu ya wenzake kuuliza. Papa Heri alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Na mume?" akauliza, kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini. "Ikawaje kwa mume?"

"Alikufa," Nabintu akajibu. "Kabla ya mavuno."

Heri akainuka. Alimfuata pale aliposimama, akamshika mikono yote miwili kama tunavyowashika wafiwa mlangoni, akasahau Kiswidi na mtihani. "Pole, mama. Pole sana. Mimi sikujua. Nimekutukana mbele za watu, na sikujua."

"Hukuwa na pa kujulia, papa," akamwambia.

Birgitta hakuniuliza kitu. Aliivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji, akaandika alama. Wote wawili walifaulu. Nabintu alipata nafasi ya uuguzi mwaka uliofuata, na aliponipima damu miaka kadhaa baadaye hakuniumiza hata kidogo. Lakini nataka kumalizia na Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wiki mbili baada ya mtihani.

Papa Heri alikuwa amepiga simu kwa watu wote wa milima ile aliowajua, kuanzia Tumba mpaka Uppsala. Aliwaambia kuna kilio ambacho hakikukaliwa, na deni la kilio halizeeki. Wakaja Rågsved kwa Nabintu, watu kama thelathini, viatu vyao vikajaa mpaka kwenye ngazi za jengo. Jirani mmoja Mswidi alichungulia, akaelezwa, akarudi na viti vyake vinne. Tuliimba, tukaomba. Birgitta alikaa kwenye kochi kati yangu na mama mmoja wa kijiji cha Nabintu, amejifunga kitenge alichokopeshwa mlangoni.

Kisha ukafika wakati wa kumsema marehemu, na Heri akasimama kwanza.

"Nitasema ukweli," akasema. "Chifu huyu tulikuwa tunamcheka. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wazima tisa. Kwenye liste yake tulikuwa wanne. Kila wiki tulitoa mabakuli manne, tunaondoka tunacheka: chifu gani hajui kuhesabu! Nilicheka mpaka Uvira. Nilicheka mpaka hapa Uswidi. Akili yangu haikufanya kazi."

Nabintu alikuwa amekaa mkekani, kitambaa cheusi kichwani. Aliinua uso.

"Alijua kuhesabu," akasema. "Alinisomea mwenyewe. Nikamwambia, kwa Heri wako tisa. Akasema, andika wanne."

Yule mama aliyekaa kando ya Birgitta akasafisha koo. "Kwetu tulikuwa saba," akasema. "Mabakuli matatu."

"Nyumba ya kwa Maombi, chini ya mteremko," Nabintu akamwitikia mara moja. "Watatu. Nakumbuka."

Mtu mwingine akasema kutoka jikoni, sita kwa wawili. Mwingine karibu na mlango, kumi kwa watano. Wakaendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba, na Nabintu akazipokea moja moja kwa majina yake, bila kukosea hata moja, maana aliyeziandika zote alikuwa yeye.